Mahali pa Mazoezi Nyumbani na Sakafu Ifaayo



Ziko neema mbili ambazo Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) alituonya kwamba watu wengi hupunjika kwazo, nazo ni siha na wasaa. Kila niyafikiripo mafundisho haya huona jinsi yanavyotuelekea sisi wa zama hizi. Aliye na siha hudai kwamba hana wasaa. Na ajapo kuupata huo wasaa, baada ya kustaafu, siha huwa imekwisha kumpa kisogo. Leo, kwa idhini ya Mhariri, nataka kuwaeleza jambo tulilolifanya nyumbani mwetu Mombasa kwa ajili ya kuitunza neema hiyo ya kwanza, nalo ni kutenga mahali pa mazoezi ya viungo na kupachagulia sakafu inayofaa. Huenda mtu akauliza: Je, hili nalo ni jambo la kuandikiwa? Naam, ni jambo, na sababu zake zitadhihiri mbele.

Bibi zetu hawakuhitaji kutengewa mahali pa mazoezi. Walitwanga, wakasaga, wakateka maji kisimani, wakafua kwa mikono, wakenda harusini na matangani kwa miguu. Siku yao nzima ilikuwa mazoezi, ila hawakuiita kwa jina hilo. Sisi leo maji yatufuata jikoni, nguo zafuliwa na mashine, na kutoka Makadara hadi Marikiti, mwendo wa dakika chache tu, twapanda tuktuk. Kazi imepungua, lakini sinia halikupungua: mahamri yapo, viazi vya karai vipo, biriani ipo, na chai ingali na sukari ileile ya mpwaga maji na mtwanga mpunga. Basi si ajabu maradhi ya sukari na shinikizo la damu yakawa ni wageni wasioaga katika nyumba zetu.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2020 kuhusu jambo hili. Limesema kwamba mtu mzima apate kwa wiki dakika 150 hadi 300 za harakati za wastani, kama kutembea kwa haraka, au dakika 75 hadi 150 za harakati za nguvu. Na tena siku 2 au zaidi afanye mazoezi ya kutia nguvu misuli. Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate, kwa wastani, dakika 60 kila siku. Ama wazee waliofikia miaka 65, hao wameongezewa mazoezi ya kusimama imara bila kuyumba, siku 3 au zaidi katika wiki, ili wasianguke. Mwenye kuzigawa dakika 150 kwa siku 7 ataona kwamba hazizidi dakika 22 kwa siku. Hakuna kati yetu asiyezitumia dakika 22 kila siku katika jambo lisilo na faida yoyote.

Lakini zifanywe wapi dakika hizo? Hapo ndipo penye taabu. Mwanamume aweza kutoka baada ya swala ya Alfajiri akatembea hadi pwani ya Mama Ngina akarudi, wala hapana wa kumtazama. Mke wangu na binti zangu wawezapo kutembea hutembea, ila mazoezi ya kuinama, kujinyoosha na kulala chini hawawezi kuyafanya barabarani kwa heshima waitakayo wao wenyewe. Vyumba vya mazoezi vya kulipia vipo, lakini si vyote vyenye saa za wanawake peke yao, na ada yake kwa watu watatu wa nyumba moja si ndogo. Kisha wako wazee, ambao hata ngazi za ghorofa ni safari kwao. Na tuliokuwako Mombasa mwezi wa Mei 2020, wakati wa maradhi ya korona, twakumbuka jinsi Mji wa Kale ulivyofungwa, watu wasitoke wala wasiingie. Ndugu zetu wa huko wakakaa ndani, na viungo vikakaa pamoja nao. Tangu wakati ule nilikuwa nikiwaza kwamba nyumba isiyo na nafasi ya mtu kujinyoosha ni nyumba iliyopungukiwa, kama nyumba isiyo na mahali pa kuswalia.

Lililotusukuma hasa ni hali ya mama yangu mzazi. Mama tunaishi naye. Umri wake ni miaka 71, na maradhi ya sukari ameishi nayo zaidi ya miaka 12. Ilifika siku magoti yake yakadhoofu hata ikawa akisujudu hawezi kuinuka ila ainuliwe, basi akawa anaswali juu ya kiti. Dini yetu imemruhusu mgonjwa kufanya hivyo, wala hapana lawama juu yake. Lakini yeye mwenyewe lilimhuzunisha. Siku moja alimwambia mke wangu, nami nasikia, “Mwanangu, mimi sitaki kukimbia wala kuruka. Nataka kuliweka paji langu la uso chini mimi mwenyewe, kabla sijalazwa chini na watu.”

Maneno yale yalituingia. Tulipompeleka kwa daktari wake, alimchunguza akasema kwamba miguu yake haikufa, imelala tu. Na dawa ya kuiamsha ni kuketi kitini na kusimama, kuketi na kusimama, mara kadhaa kila siku, kisha kujifunza kusimama imara akishika kitu kisichoyumba. Akatahadharisha mambo mawili. Kwanza, asifanye lolote juu ya sakafu inayoteleza, kwani mzee akianguka akavunjika nyonga, huenda asirudie tena hali yake ya zamani. Pili, mwenye sukari ya muda mrefu hupungukiwa na hisi za nyayo. Aweza kukanyaga kitu kikali asijue mpaka kidonda kimekwisha kuwa kikubwa. Basi mahali pake pawe safi, pasiwe na msumari, kijiwe wala ukingo uliobanduka, naye avae viatu vyepesi vya kufunga.

Nyumba yetu ni ghorofa ya pili katika jengo la familia sita. Ina vyumba vitatu vya kulala na sebule. Vyumba vimejaa vitanda na makabati. Mke wangu akasema, “Hapana mahali ila sebuleni.” Jambo hili, ndugu msomaji, si dogo katika nyumba za watu wa pwani. Sebule ndiyo uso wa nyumba. Humo mna makochi mazuri, zulia zuri, na kabati la vyombo ambavyo wenye nyumba wenyewe hawavinywei chai. Ndugu yangu mdogo alipopata habari alikuja akasema, “Kaka, na siku ya kuja watu kuposa, mtawaketisha wapi?” Mke wangu akamjibu kwa upole, “Shemeji, wataketi chini juu ya busati, kama walivyoketi wazee walipokuja kuniposa mimi. Na chini patakuwa laini kuliko siku ile.” Tukacheka sote. Kisha akaongeza neno ambalo sikuwa na jibu lake: “Mgeni huja mara mbili kwa mwezi, na Mama yupo kila siku. Nani mwenye haki zaidi ya chumba hiki?”

Basi tukaliuza kochi moja refu, makochi madogo yakasogezwa upande wa mlangoni, na nusu ya sebule ikabaki wazi. Heshima ya mgeni haikupungua hata chembe, kwani mgeni hukirimiwa kwa uso mkunjufu na chakula cha halali, wala hakirimiwi kwa wingi wa magodoro.

Sasa nitaeleza habari ya nafasi. Watu hudhani kwamba yataka chumba kizima, wala si kweli. Mlaze chini aliye mrefu kuliko wote nyumbani, anyooshe mikono pande zote, na umpimie. Utaona kwamba mita 2 kwa mita 2 zamtosha mtu mmoja kwa mazoezi mengi. Mkeka wa mazoezi wauzwao madukani aghlabu ni sentimita 180 kwa 60, na ubakishe kando yake nafasi ya mikono na miguu. Kisha tazama juu: mtu akisimama akainua mikono asigonge panka la darini wala taa. Hilo la panka watu hulisahau, nalo ni hatari kubwa. Tazama pia hewa ipitayo. Katika joto la Mombasa la Februari na Machi, chumba kisichopitisha hewa humchosha mtu kabla mazoezi hayajamfaa. Dirisha letu latazamana na jengo la pili, basi mke wangu alishona pazia jepesi la bafta kwa nusu ya chini ya dirisha, na nusu ya juu akaiacha wazi: sitara ikapatikana na upepo ukapita.

Tulipomaliza hayo, ndipo tulipofika kwenye mas-ala ya sakafu, nayo ndiyo yenye mengi.

Neno hili “sakafu” lina habari nzuri. Asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni dari au paa. Wazee wetu waliojenga nyumba za mawe za Mombasa, Lamu na Unguja walipanga boriti za mikoko kutoka ukuta hadi ukuta, wakaweka juu yake mawe ya matumbawe na chokaa, kisha watu wakaipiga kwa vigongo, huku wakiimba, mpaka ikashikana. Iliyokuwa dari ya wa chini ndiyo ikawa sakafu ya wa juu. Basi lugha yetu yenyewe yatukumbusha kwamba unapokanyaga juu, juu ya kichwa cha mwenzio unakanyaga. Nitalirudia jambo hili nitakapofika kwenye habari ya jirani.

Wenye kuishi katika nyumba hizo za kale wangojee kwanza kabla ya kununua chochote. Boriti za zamani huliwa na mchwa na huozeshwa na maji ya mvua yapenyayo kutoka juu. Ukiona dari ya chini imebonyea katikati, au chokaa yadondoka, au unga wa mchwa wamwagika, mwite fundi ajuaye nyumba za mawe aitazame. Na hata ikiwa nzima, vyuma vizito visiwekwe katikati ya chumba, bali karibu na ukuta ambako vichwa vya boriti vimeegemea, wala visiangushwe kabisa.

Katika majengo ya siku hizi sakafu ni zege, na juu yake aghlabu ni vigae, ambavyo wengine huviita marumaru. Vigae hivi vinavyong’aa ni safi na ni baridi kwa mguu, lakini vikipata maji huteleza mno. Nasi Waislamu twatawadha mara tano kwa siku. Miguu yetu hutoka maliwatoni imelowa. Mzee atokaye kutawadha akapita juu ya vigae hivi yumo katika hatari, awe anafanya mazoezi au hafanyi. Saruji tupu haitelezi sana, lakini ni ngumu, nayo humuumiza mtu magoti, viwiko na uti wa mgongo alalapo chini.

Watu wengi watasema: tandika mkeka. Mkeka wa ukindu ni kitu kizuri, nasi twaupenda. Lakini juu ya vigae huteleza wenyewe, ukamchukua na mtu aliye juu yake. Mkeka wa plastiki ni hivyo hivyo. Ama zulia, hilo hunywa jasho na vumbi, na kwa unyevu wa hewa yetu ya pwani huanza kunuka na kuota ukungu, tena mwenye pumu hudhurika nalo. Na lile busati la plastiki linalouzwa kwa mita ni rahisi kupangusa, lakini ni jembamba, halizuii ugumu wala kishindo, na likilowa huteleza. Basi vitu hivi vina kazi zake, lakini kazi ya mazoezi si yao.

Vilivyobaki ni viwili: sponji na mpira.

Sponji ni ile mikeka ya vipande vyenye meno, kipande hushikana na mwenzake. Aghlabu ni miraba ya sentimita 60 kwa 60, na unene wake huwa milimita 10 hadi 25. Ni mepesi, bei yake ni nafuu, haiingii maji upesi, na alalaye juu yake hustarehe. Yafaa kwa kujinyoosha, kwa mazoezi ya tumbo na ya mgongo, na kwa watoto. Aibu yake ni kwamba hubonyea. Ukiweka juu yake mguu wa kiti au chuma kizito huacha shimo. Na mtu akisimama kwa mguu mmoja juu ya sponji nene, kifundo cha mguu huyumba. Kijana hujifunza nguvu kwa kuyumba huko, lakini mzee huanguka.

Mpira ni ule ulio mgumu kiasi, mwingi wake hutengenezwa kwa kusaga mipira ya magari iliyochakaa na kuishikanisha upya. Huuzwa kwa marobota au kwa vipande, unene wa milimita 6, 8, 10 au zaidi. Hauteremki, hautelezi, hauachi shimo, na hudumu miaka mingi. Aibu yake ni uzito, kwani mita moja ya mraba yenye unene wa milimita 10 ni kama kilo 10. Na harufu yake, ambayo siku za mwanzo ni kali. Na tena ukilazwa juu ya busati la plastiki huacha doa lisilotoka.

Hatukununua mara moja. Binti yangu mkubwa, ambaye ana tabia ya kuuliza sababu ya kila kitu, aliomba dukani vipande viwili vya mfano tukakaa navyo siku nne, tukavipa mitihani. Tulimwagia kila kimoja maji kidogo, tukakanyaga. Tulipangusa kwa kitambaa cheupe kibichi tuone kama kinatoa rangi. Tuliweka juu yake mguu wa kiti usiku kucha, asubuhi tukatazama. Na mtihani wa mwisho alikuwa ni Mama mwenyewe, aliyesimama juu ya kila kimoja huku ameshika ukuta, nasi tumemzunguka. Juu ya sponji nene alisema, “Hapa niko juu ya godoro.” Juu ya mpira wa milimita 8 alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Hapa niko juu ya ardhi.” Tukajua.

Basi upande wa ukutani, mita moja na nusu kwa mita mbili, tuliweka mpira. Hapo ndipo mahali pa Mama, pana kiti kizito cha mbao ambacho mgongo wake umeegemezwa ukutani kisirudi nyuma. Upande wa pili tuliweka vipande 12 vya sponji, 3 kwa 4, ambavyo huwa sentimita 180 kwa 240. Hapo ni mahali pa mke wangu na watoto. Kingo zote tulizitilia ukanda wa mpira uliochongwa mshazari, ili pasiwe na ngazi ya kumkwaza mtu. Kwani kwa mzee ukingo wa milimita 8 watosha kumwangusha. Kabla ya kuvitumia tulivianika vyote kivulini penye upepo kwa wiki nzima. Jambo hili msilipuuze wenye watoto wachanga: mwishoni mwa mwaka 2010 serikali ya Ubelgiji ilizuia kuuzwa kwa mikeka ya sponji ya watoto kwa sababu ya dawa iitwayo fomamaidi iliyokuwamo. Basi harufu ikizidi na isikome, rudisheni mali ya watu dukani; na mtoto asiachwe kuitafuna.

Sasa nitarudi kwenye neno nililoliahidi, yaani jirani.

Chini yetu inakaa familia yenye mzee wa kiume aliyepata maradhi ya kiharusi, naye hulala mchana. Mtume wetu (s.a.w.) alieleza kwamba Jibrili alimuusia sana habari ya jirani, hata akadhani kwamba jirani atafanywa kuwa mrithi. Vipi basi mtu ajenge siha ya nyumba yake kwa kuvunja usingizi wa mgonjwa wa nyumba ya pili? Kabla ya kuanza, niliteremka na sahani ya mkate wa sinia nikabisha hodi, nikamweleza mwenye nyumba nia yetu. Kisha nikamwomba ruhusa niketi naye sebuleni kwake, na juu mwanangu wa kiume aruke mara kumi juu ya vigae vitupu, mara kumi juu ya sponji, mara kumi juu ya mpira, na mara kumi juu ya mpira uliolazwa juu ya sponji.

Juu ya vigae, vikombe vililia kabatini. Juu ya sponji peke yake, kishindo kilipungua lakini kilisikika. Juu ya mpira peke yake, kadhalika. Juu ya vyote viwili pamoja, ilisikika kama mtu apigaye mto kwa ngumi chumba cha pili. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Sauti ya mtu asemaye hupita hewani, nayo huzuiwa na mlango na dirisha. Lakini kishindo cha mguu hutikisa zege yenyewe, na zege ikishatikisika dari yote ya chini huwa ni ngoma. Basi dawa yake ni kukizuia kishindo pale pale kinapoangukia, kabla hakijaingia katika zege.

Mwenye nyumba alinitazama akasema, “Bwana, kuna watu waliojenga juu yetu miaka saba, wakatwanga, wakasogeza makabati usiku, wala hakuna aliyewahi kuteremka kuuliza.” Tukapatana: kuruka kusiwepo kabisa ila kwa kijana wangu, juu ya tabaka mbili, baada ya Alasiri, mchana pawe kimya, na baada ya Isha pawe kimya. Na mke wake akaomba neno moja: Je, yeye na binti yake waweza kupanda kuja kufanya mazoezi pamoja na wetu? Tangu siku hiyo wanawake wa nyumba mbili hukutana siku tatu kwa wiki, baada ya watoto kwenda shule. Nami wakati huo huwa nimekwisha kutoka, kwani sebule si yangu tena saa hizo.

Kuhusu vyombo, nawaasa vijana msidanganywe na matangazo. Israfu ni israfu, hata katika jambo la kheri. Chupa ya lita moja iliyojaa maji ni kilo moja barabara; ukiijaza mchanga mkavu hupata kilo moja na nusu hivi. Ukuta wa kusukuma upo, kiti kipo, ngazi ya jengo ipo. Fedha mliyo nayo itumieni kwanza kwa sakafu, kwa kuwa chupa ya mchanga haiwezi kumvunja mtu nyonga, na sakafu yaweza.

Usafi wake ni huu. Jasho si najisi, lakini hunuka, na hukuza vijidudu. Kila baada ya mazoezi pangusa kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kisha kwa kikavu. Mara moja kwa wiki vipande vya sponji huvitoa vyote, tukapangusa chini yake, kwani unyevu hujificha humo na ukungu ukaanza pasipoonekana. Msivianike juani muda mrefu, maana jua huvikausha vikapasuka. Na msala wa kuswalia uwe mbali na mkeka wa mazoezi, kila kimoja na mahali pake.

Mtapenda kujua yaliyompata Mama. Sukari yake haikuondoka. Dawa anazitumia vile vile kwa saa zake, na kabla ya mazoezi hupima damu na huwa na tende karibu, kwani atumiaye dawa za sukari huweza kushukiwa na sukari ghafula akataabika. Siku za mwanzo aliweza kusimama kutoka kitini mara tatu tu, tena kwa kuvutwa mkono. Mwezi wa pili alifika mara nane bila ya kuvutwa. Mwezi wa tano, asubuhi moja ya Ijumaa, alitandika msala wake kando ya kile kiti cha mbao, akaswali rakaa mbili za Dhuha kwa rukuu na sijida kama zamani, akiinuka kwa kukishika kiti kwa mkono mmoja. Mke wangu alimwona kutoka jikoni, akakaa kimya mpaka alipotoa salamu. Mpaka leo swala ndefu huziswali kitini, na zile fupi huziswali chini. Anasema yamtosha, na kwamba inayobaki ataidai pole pole.

Ndugu zangu, mwili huu ni amana, na una haki juu yetu kama tulivyofundishwa. Si lazima kila nyumba ifanye kama tulivyofanya sisi. Mwenye ua na atumie ua, mwenye ukumbi na atumie ukumbi, mwenye chumba kimoja na akunje kitanda asubuhi. Lakini kila mwenye nyumba na atazame chini leo, aone watu wake wanakanyaga nini: wazee wake watokapo kutawadha, watoto wake wachezapo, na mkewe apatapo saa yake moja ya kujinyoosha. Na akishatazama chini ya miguu yake, akumbuke kwamba chini ya sakafu yake huenda kuna dari ya mtu mwingine.

Mwenyezi Mungu atupe siha tuitumie katika kumtii, awaponye wagonjwa wetu, na aturuzuku wema kwa wazee na kwa majirani. Amin.